Mbegu Niliyoinunua Makambako

Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba mbegu yake ya viazi imechoka. Ilikuwa likizo ya Krismasi, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, nikisomea viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho pamoja na elimu ya vinasaba. Muhula ule tulikuwa tumefundishwa habari za virusi. Mwalimu alitueleza kwamba mkulima anayerudia kupanda viazi vya shamba lake mwenyewe mwaka hadi mwaka anarithisha virusi kizazi kwa kizazi, mpaka mavuno yanakuwa vidude vidogo kama ndimu. Nilipofika nyumbani Yakobi na kumkuta mama anamenya vidude vya namna hiyo, nilihisi kama kitabu kimefunguka jikoni kwetu.

"Hii mbegu mnaipanda tangu lini?" nilimuuliza baba.

"Tangu ushirika ulipoacha kuleta," alisema. "Ghala lao limefungwa. Sasa kila mtu anajitafutia."

"Itupeni. Nitawaletea nyingine."

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hakuwa na desturi ya kupokea amri kutoka kwa watoto wake. Lakini mimi nilikuwa wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, mama." Aliniita mama kila aliporidhika nami.

Mwezi wa saba, nikirudi kwa likizo ndefu, niliteremka Makambako. Kulikuwa na baridi ile ya pale inayokuja na upepo na vumbi. Nyuma ya stesheni ya reli kulikuwa na ghala la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu mzima, aliyehamia hapo kutoka Singida. Alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kigoda na kuagiza nipewe chai ya tangawizi. Viazi vyake vilikuwa vikubwa, ngozi ya waridi, safi.

"Hivi ni vya kula, binti," aliniambia. "Vinatoka mbali, mkoa mwingine. Habari za mbegu mimi sizijui."

"Usijali, mzee wangu. Mambo haya ndiyo ninayosomea."

Nilikata kimoja kwa kisu chake, nikakitazama. Kilikuwa cheupe mpaka katikati. Nikachukua magunia matatu, nikayapakia kwenye lori linalokwenda Njombe.

Magunia mawili baba aliyapanda kwenye kinyungu chetu, yaani ile bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Gunia la tatu alimpa dada yake, shangazi yangu, mjane, ambaye kinyungu chake kilikuwa chini ya chetu, hatua chache tu kufuata mfereji. Mvua za kwanza zilipokaribia, mama aliniandikia kwamba hawajapata kuvuna viazi kama vile. Shangazi alikuwa akivipeleka kanisani kama sadaka, akisema ni viazi vya msomi. Baba aliweka akiba ya mbegu na kuipanda shamba la mteremko mvua zilipoanza.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa pili, kwa mwandiko wa baba mwenyewe. Alisema viazi vinalala mchana kama vimeunguzwa na maji ya moto, ingawa majani bado ni ya kijani. Jioni vinaamka. Siku chache baadaye haviamki tena. Akauliza kama vitabu vyangu vinasema lolote.

Vitabu vyangu vilikuwa vimeshasema. Niliisoma ile barua nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo la maabara. Kabla sijaijibu, chuo kilifungwa. Tuligoma kwa sababu ya mambo ya kuchangia gharama za masomo, serikali ikatutaka tuondoke kila mtu kwao, na kesho yake nilikuwa kwenye basi la kurudi nyumbani na begi moja.

Nilifika na kwenda moja kwa moja shambani. Safu nzima zilikuwa zimelala. Niling'oa shina moja, nikarudi nalo nyumbani, nikamwomba mama glasi ya maji safi. Baba alivuta kiti. Nilikata kipande cha shina, nikakining'iniza kwa uzi ndani ya maji kama tulivyofundishwa, tukangoja. Hazikupita dakika nyingi. Kutoka kwenye kidonda cha shina uliteremka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yanayodondoka polepole, halafu mwingine, na mwingine. Ukifika chini ulijikunja na kutulia.

"Hicho ni nini?" baba aliuliza.

"Ni wadudu, baba. Bakteria. Mnyauko."

"Wote hao?"

"Maelfu kwa maelfu. Wanaziba mishipa ya mmea, maji hayapandi."

"Dawa yake?"

"Haipo."

Mama aliacha kupepeta. Baba aliendelea kuitazama ile glasi.

"Wanakaa wapi hao, ukiondoa viazi?"

"Kwenye udongo. Kwenye maji ya mfereji. Kwenye jembe, kwenye viatu. Shamba likishaingiwa, miaka inapita bila kupanda viazi."

Hakuuliza walitoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo na nilikuwa na jibu. Kwenye nyanda za baridi kama zetu, bakteria hao wanaweza kujificha ndani ya kiazi bila dalili yoyote, msimu mzima, wakingoja joto. Kile kiazi cheupe nilichokikata Makambako hakikunihakikishia chochote. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Baba aliinuka, akamwaga yale maji motoni jikoni, akatoka nje.

Shangazi ndiye aliyekuwa na jibu lake. Kinyungu chake kilikuwa na viazi alivyorudia kuvipanda, na kilikuwa kimekufa kuliko chetu. Nilipomweleza kwamba inabidi ang'oe vyote na kuvichoma, alinitazama kama mtoto anayeropoka.

"Hivi vilikuwa viazi vya ajabu. Kila mtu aliviona. Unadhani watu wamefurahi?"

"Shangazi, huu ni ugonjwa."

"Ugonjwa unaletwa."

Alinyoosha kidole juu ya mteremko. Huko juu, karibu na chanzo cha mfereji, alikuwa amekodi shamba mzee mmoja kutoka Mlangali, upande wa Ludewa. Mpangwa, mtu wa miaka kama ya baba, aliyefiwa na mke, anayeishi peke yake kwenye kibanda cha mianzi. Alilima mahindi na maharage tu. Alikuwa na kawaida ya kuongea peke yake kwa Kipangwa anapolima, na alikuwa akiosha vyombo vyake mferejini. Mahindi yake yalikuwa ya kijani kibichi. Sisi wote tuliokuwa chini yake tulikuwa tunakauka.

"Ameonekana akimwaga kitu kwenye maji," shangazi alisema.

Maharage na mahindi hayaugui mnyauko ule. Nilimwambia hivyo, lakini kwa sauti ndogo, na aliponijibu kwa hasira sikurudia.

Wiki ya pili mwenyekiti wa kitongoji aliita kikao, nyuma ya darasa la shule ya msingi. Walikuja watu kama thelathini, wengi wenye mashamba ya bondeni, maana mfereji ulikuwa umeshaupeleka ugonjwa kwa wengine watatu. Yule mzee wa Mlangali aliketi peke yake kwenye benchi la mbele, amevaa koti la mtumba la sufu lililokuwa kubwa kwake, kofia ameishika magotini. Walimuuliza alimwaga nini. Alisema ni maji ya kuoshea bomba la dawa ya wadudu wa maharage, mara moja tu, na kama amekosa anaomba radhi. Watu walinong'ona kwa Kibena, lugha yetu.

Ndipo mwenyekiti alipogeuka kunitafuta.

"Binti wetu wa chuo yupo? Hebu tusaidie. Hii ni sumu au siyo sumu?"

Nilisimama. Baba alikuwa upande wa kulia, anatazama chini. Shangazi alikuwa mbele yangu, amegeuka, ananitazama usoni. Sentensi mbili zingetosha: siyo sumu, ni ugonjwa, na ulikuja ndani ya magunia niliyoyaleta mimi. Nilizijua kama ninavyolijua jina langu.

"Bado sina uhakika," nilisema. "Sayansi inataka kupima kwanza. Nikirudi chuoni nitapima."

Watu wengine waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu la msomi. Yule mzee alisimama taratibu, akanigeukia.

"Basi pima, mwanangu," alisema. "Mimi nitangoja."

Siku nne baada ya kikao, asubuhi, maharage yake yalikutwa yameng'olewa. Shamba zima. Hawakuyaiba, waliyang'oa na kuyalaza kwa mistari, mizizi juu. Nilikwenda kuona pamoja na watu wengine. Yeye alikuwa ameinama anajaribu kurudishia miche ardhini, akiukandamiza udongo kwa vidole, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Nilikaa pale pembeni muda, kisha nikarudi nyumbani. Sikumsaidia hata mche mmoja.

Badala yake nilijitosa kwenye kazi. Niliomba vichupa vitupu vya penisilini kwenye zahanati, nikavichemsha, nikajaza maji yaliyochemshwa, na ndani yake nikawaweka wale bakteria kutoka shamba letu, kutoka kwa shangazi, kutoka kwa majirani. Ndani ya maji matupu wanaishi miaka bila chakula. Nilichota pia udongo wa shamba la mzee wa Mlangali. Chuo kilipofunguliwa mwezi wa tano nilipitia Makambako kwa yule mfanyabiashara, nikachukua viazi kadhaa kutoka shehena mpya ya mkulima yuleyule aliyevilima vile vya kwanza. Mfanyabiashara alikumbuka sura yangu.

"Mbegu iliota vizuri?" aliniuliza.

"Iliota," nilisema.

Mwalimu aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho alifurahi mno. Alisema ni mara chache mwanafunzi kuja na swali la kweli kutoka shambani. Sikumwambia kwamba jibu ninalo, na kwamba kwa zaidi ya miezi miwili sasa mtu mmoja huko Njombe anangoja nilitamke.

Niliotesha sampuli kwenye sahani za kioo zenye agari, yaani ute ulioganda wa kulishia bakteria, na baada ya siku mbili makundi ya bakteria yakatokea, meupe, yenye utelezi, na katikati waridi. Udongo wa yule mzee haukuotesha hata kundi moja la namna hiyo. Hapo tayari ningeweza kuandika barua. Sikuandika. Nilijiambia kwamba sahani haitoshi, lazima niende mpaka kwenye vinasaba, nione kama bakteria wa shamba na bakteria wa Makambako ni ukoo mmoja.

Mashine ya kuzidishia vinasaba ilikuwa imeharibika tangu mwaka uliopita na fundi wake yuko Ulaya. Mwalimu akanionyesha jinsi ilivyokuwa ikifanywa kabla ya mashine: mabeseni matatu ya maji, kila moja na joto lake, na mtu mwenye saa ya kuhesabu sekunde. Unatumbukiza tyubu kwenye beseni la kwanza, nyuzi za vinasaba zinaachana. La pili, zinashikana na vipande ulivyoviweka. La tatu, kimeng'enya kinajenga nakala. Kisha unarudi la kwanza, mara thelathini na zaidi. Ni kazi ya saa nne bila kukaa, na mara mbili mgao wa umeme ulinikatia katikati nikaanza upya. Mikono iliiva kwa mvuke. Wenzangu walinisifu kwa uvumilivu. Ukweli ni kwamba pale kwenye mabeseni ndipo mahali pekee ambapo sikumwona yule mzee wa Mlangali ameinama kwenye maharage yake.

Barua ya mama ilifika mwezi wa saba. Ilikuwa na habari za afya, za ng'ombe, za harusi ya jirani. Karibu na mwisho aliandika: yule mzee wa juu amehama. Kibanda chake kilichomwa moto alipokuwa kanisani. Baba yako hali chakula vizuri.

Wiki mbili baadaye nililaza sampuli zangu kwenye jeli, nikapitisha umeme, nikaitazama chini ya mwanga wa urujuanimno. Mistari iling'aa. Shamba letu, shamba la shangazi, majirani, kiazi cha Makambako: mistari ileile, kwa urefu uleule, kama nyayo za mtu mmoja. Kwa kulinganisha nilikuwa nimeweka bakteria wa nyanya za Morogoro, na mistari yao ilikuwa tofauti kabisa. Mwalimu alipiga picha, akanipa mkono. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani.

Nilirudi nyumbani mwezi wa nane. Nilimkuta baba nyuma ya zizi anachonga mpini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa nikampa ile picha na kumweleza kila kitu, kuanzia kigoda cha Makambako. Nilikuwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, baba?"

"Siku ile ulipoweka shina kwenye maji. Niliona wanakaa ndani ya viazi. Viazi vilitoka wapi? Mimi siyo mtoto."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

Aliendelea kuchonga kidogo, halafu akaacha.

"Ulisimama mbele ya watu ukasema huna uhakika. Nikasema, kama mwanangu anaona aibu, nitamfichia. Nikadhani watamsema tu yule mzee, halafu basi." Alikiweka kisu chini. "Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na sita."

Hakuniita mama siku ile. Jumapili iliyofuata aliomba mwenyewe kupumzishwa uzee wa kanisa, bila kutoa sababu.

Tulikwenda Mlangali pamoja, juu ya lori la mahindi, kwenye ukungu uliolala njia nzima. Kumpata hakukuwa vigumu. Alikuwa kwa mdogo wake, nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya shamba la maharage. Alitukaribisha ndani, akaulizia safari, akamwambia shemeji yake alete ugali. Baba alitaka kuongea kwanza, nikamwomba aniachie.

Nilimwambia. Nilimpa picha, nikamwonyesha mstari upi ni wetu na upi ni wa Makambako, na kwamba kwenye udongo wake hakukuwa na kitu. Aliishika karibu na dirisha, akaigeuza, akairudisha.

"Kwa hiyo ulipopima ndipo ukajua," alisema.

Baba alijikohoza. Ningeweza kukubali. Yule mzee alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea.

"Hapana, mzee wangu," nilimjibu. "Nilijua tangu kikao. Niliogopa."

Shemeji yake aliingia na maji ya kunawa, tukanawa wote watatu.

"Nilikuwa nawaambia watu hapa," alisema hatimaye, "kwamba yupo binti mmoja Njombe anapima mambo yangu. Nilikuwa nawaambia wangoje." Akasogeza sahani ya maharage kwa baba. "Kuleni."

Tulikula. Baba alimwomba arudi, akamwahidi kipande cha shamba letu la juu na watu wa kumjengea. Alikataa kwa upole. Alisema kulima amelima sana, na kwamba neno tulilolileta tulipeleke kwa wale waliokuwa kwenye kikao, kwa kuwa yeye alikuwa anajijua tangu mwanzo.

Tulilipeleka. Mwenyekiti aliita watu, wakaja kumi na ushei. Nilisimama palepale nyuma ya darasa nikasema zile sentensi mbili, na nyingine nyingi ambazo sasa hazikuwa na kazi. Hakuna aliyekiri kung'oa maharage wala kuchoma kibanda. Mtu mmoja alisema yaliyopita yamepita. Shangazi aliondoka kabla sijamaliza, na kwa miaka mitatu alipokea salamu zangu kupitia kwa mama tu. Alipoanza tena kuzungumza nami tulizungumzia mvua.

Shamba la mteremko tulilipanda mahindi. Nilikuwa nimemwambia baba kwamba baada ya miaka mitano au sita anaweza kujaribu viazi tena, kwa mbegu iliyokaguliwa, na kila mwaka alikuwa akiniuliza ni wa ngapi sasa. Alifariki mwaka wa nne. Mimi nilikuwa nimeajiriwa, napima mbegu za watu wengine, na kila gunia ninalolikataa mwenye nalo ananiuliza kama nina uhakika.

Miaka kadhaa baadaye dereva mmoja wa Ludewa aliniambia kwamba yule mzee alihamia Manda, ziwani, kwa binti yake, na kwamba macho yake hayaoni vizuri tena. Alinielekeza nyumba, hata rangi ya mlango. Nilimshukuru. Kila likizo nilisema nitakwenda, na sikwenda.